Gemu mpya za mkononi: Si kila kadi ina mchezo ndani yake

MZAZI wa Karatu anayetaka kumnunulia mwanawe gemu ya mkononi huanza kwa kuuliza bei, na muuzaji humjibu upesi kwa sababu swali hilo ndilo rahisi kuliko yote. Swali gumu, ambalo aghalabu haliulizwi mpaka boksi limefika nyumbani na kuchanwa, ni hili: gemu yenyewe iko wapi? Imo ndani ya kadi aliyoishika, au iko katika kompyuta za kampuni ng'ambo, ikisubiri kupakuliwa kwa bando lake mwenyewe?

Miaka ishirini iliyopita swali hilo lingechekesha. Aliyenunua kadi ya Game Boy au diski ya PSP alinunua mchezo mzima. Aliuchomeka, akawasha, akacheza. Leo mambo yamebadilika, na mabadiliko hayo yanamgusa zaidi mnunuzi aliye mbali na maduka makubwa na mbali na intaneti ya kasi.

Karatu iko takribani kilomita 140 kutoka Arusha, katika barabara iendayo lango la Lodoare la Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro. Gemu mpya za mkononi huko aghalabu huletwa kutoka Arusha au Dar es Salaam, ama huagizwa kupitia kwa ndugu au mfanyabiashara aendaye Dubai. Kadi ikigundulika kuwa na kasoro, kuirudisha ni nauli nyingine na siku nyingine ya kazi iliyopotea. Fedha nazo huja kwa msimu: vitunguu vya Mang'ola vinapouzwa, kahawa ya Oldeani inapolipwa, watalii wanapojaa. Mtu wa namna hiyo hana nafasi ya kununua kwa kubahatisha.

Kifaa kilicholeta mjadala mkubwa zaidi katika siku za karibuni ni Nintendo Switch 2, kilichoingia sokoni Juni 5, 2025 kwa bei ya dola 449.99 nchini Marekani. Kwa viwango vya ubadilishaji vya mwaka huo, hiyo ni zaidi ya Sh milioni moja kabla ya kuongeza gharama za mzigo, ushuru na faida ya muuzaji. Gemu ya Mario Kart World iliyotoka siku hiyo hiyo iliuzwa huko kwa dola 79.99, yaani karibu Sh 200,000 kwa mchezo mmoja.

Pamoja na kifaa hicho, kampuni ilileta aina mpya ya kadi. Kwa nje inafanana na kadi nyingine yoyote, ina boksi lake na picha yake nzuri, lakini ndani haina mchezo. Ina ufunguo tu. Ikichomekwa kwa mara ya kwanza, kifaa huambiwa kiende mtandaoni kikapakue gemu nzima. Baada ya hapo gemu huchezwa bila mtandao, ila kadi lazima iwe imechomekwa kila mara, kama ufunguo wa gari ambalo limeegeshwa uani lakini haliwaki bila ufunguo huo.

Alama ya kuitambua ipo, na si ya siri. Upande wa chini wa jalada la boksi kuna ukanda mweupe wenye mchoro wa ufunguo na maneno "Game-Key Card". Tatizo ni kwamba maneno hayo ni ya Kiingereza, ni madogo, na mnunuzi aliyevutwa na picha ya juu mara nyingi hayafikii.

Mfano unaonyesha kwamba jambo hili halitegemei ukubwa wa gemu tu, bali uamuzi wa mchapishaji. Cyberpunk 2077, ambayo ni gemu nzito kwelikweli, iliwekwa nzima ndani ya kadi ya GB 64. Street Fighter 6, mchezo wa ngumi wenye wapenzi wengi, ilitoka kwa kadi ya ufunguo. Mario Kart World imo nzima ndani ya kadi yake. Mnunuzi akisimama dukani mbele ya maboksi hayo matatu, ukubwa wa maboksi hautamwambia lolote.

Hesabu ya upakuaji inafaa kufanywa kabla ya safari ya dukani. Gemu kubwa za aina hii hufikia makumi ya GB. Faili la GB 50 likipakuliwa kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 22, mradi mtandao usiyumbe hata mara moja. Anayetumia bando la simu atazame bei ya GB 50 kwa mtandao wake, kisha aijumlishe na bei ya kadi. Hiyo ndiyo bei halisi ya gemu. Kwa familia inayoishi Endulen au Nainokanoka, ndani ya hifadhi, jumla hiyo inaweza kuifanya gemu iliyoonekana nafuu kuwa ghali kuliko jirani yake wa kabatini.

Wapo watakaosema kwamba hoteli za kitalii za Karatu zina Wi-Fi. Ni kweli, lakini meneja ambaye wageni wake wanahangaika kutuma picha za faru hatafurahi kugundua kuwa kijana wa mapokezi anapakua mchezo wa ngumi.

Kuna na suala la nafasi. Switch 2 ina hifadhi ya ndani ya GB 256, na gemu za kadi ya ufunguo huijaza upesi kwa kuwa zote hukaa ndani ya kifaa. Ikijaa, gemu moja hufutwa ili nyingine iingie, na siku ikitakiwa tena hupakuliwa upya. Kuongeza nafasi nako kuna mtego wake. Kifaa hiki hutunza gemu katika memori kadi za aina ya microSD Express pekee. Ile memori kadi ya kawaida inayouzwa kila duka la simu, ambayo ingefanya kazi vizuri kwenye Switch ya mwaka 2017, hapa haisaidii.

Hata kifaa chenyewe kilipotoka kilihitaji masasisho ya kwanza kupitia intaneti ili kiweze kucheza kadi za Switch ya zamani. Ni busara kazi hiyo ifanyike Arusha, mahali penye mtandao imara, kabla ya kupanda basi.

Duka lisiloitambua nchi

Ugumu wa pili ni wa kisheria na kibiashara. Maduka ya mtandaoni ya kampuni kubwa za gemu hayaendeshwi rasmi katika kila nchi. Tanzania haimo katika orodha ya nchi zinazohudumiwa na duka la Nintendo, wala katika orodha ya PSN, mtandao wa Sony. Wachezaji wengi huzunguka kikwazo hicho kwa kufungua akaunti ya nchi nyingine na kununua kadi za malipo za nchi hiyo. Njia hiyo imewafaa wengi kwa miaka, lakini ni kuishi katika nyumba ya kupanga bila mkataba.

Mei 2024 ilionyesha jinsi mambo yanavyoweza kugeuka. Sony ilitangaza kwamba wanaocheza Helldivers 2 kwenye kompyuta watalazimika kuwa na akaunti ya PSN. Malalamiko yalizuka dunia nzima na kampuni ikaliondoa sharti hilo ndani ya siku chache. Lakini kufikia hapo gemu ilikuwa imekwisha kuondolewa katika duka la Steam kwa nchi zaidi ya 170 zisizo na PSN, Tanzania ikiwa miongoni mwao.

Habari hiyo inamhusu pia anayetamani Steam Deck, kifaa cha mkononi kilichotolewa na kampuni ya Valve Februari 2022. Hakina tundu la kadi ya gemu hata kidogo. Ile memori kadi yake ni ghala tu. Kila kinachochezwa hupakuliwa. Kina njia ya kuchezea bila mtandao gemu zilizokwisha kupakuliwa, na maktaba ya Steam ina gemu nyingi ndogo na nzuri za bei ya chini, hivyo kwa mtu anayefika mjini mara kwa mara kinaweza kumfaa. Kwa asiyefika, hakimfai.

PlayStation Portal ya Novemba 2023 ni habari fupi. Iliuzwa kwa dola 199.99, bei iliyowafanya wengi waione kuwa ya mkato. Haiendeshi gemu yenyewe. Hupokea picha kutoka PlayStation 5 iliyoko nyumbani au kutoka kompyuta za Sony kwa wenye usajili wa malipo, na Sony hutaka Wi-Fi isiyopungua megabiti 5 kwa sekunde muda wote wa kucheza. Mtandao ukikatika, kilichobaki mkononi ni kioo.

Betri ilikwisha kuamua vita moja

Mwaka 1989 Nintendo ilitoa Game Boy. Kioo chake kilikuwa na vivuli vya kijivu na kijani tu, bila taa, kiasi kwamba usiku mchezaji alihitaji kukaa chini ya balbu. Mwaka uliofuata Sega ilitoa Game Gear yenye rangi kamili na taa nyuma ya kioo. Kila aliyeviweka vifaa hivyo viwili mezani aliona kipi kizuri zaidi.

Hata hivyo Game Gear ilikula betri sita za AA, zile za saa ya ukutani na rimoti, kwa saa tatu hadi tano. Game Boy ilitumia betri nne na kuendelea kwa zaidi ya saa kumi. Mbunifu wake, Gunpei Yokoi, aliamini katika kutumia teknolojia ya zamani, ya bei nafuu na iliyokwisha kuzoeleka, kwa namna mpya. Game Boy pamoja na ndugu yake Game Boy Color ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Game Gear iliuzwa takribani milioni 10.

Mantiki hiyo haijazeeka. Nintendo inasema chaji ya Switch 2 hudumu kati ya saa 2 na saa 6.5, kutegemea gemu. Switch Lite ya mwaka 2019, kifaa kidogo na cha bei ya chini, hudumu saa 3 hadi 7. Switch yenye kioo cha OLED ya mwaka 2021 hufika saa 4.5 hadi 9. Kwa maneno mengine, kifaa kipya na ghali kuliko vyote ndicho kinachochoka mapema.

Kwa mwenye umeme wa TANESCO usiokatika mara kwa mara, saa mbili si tatizo kubwa. Kwa nyumba inayotegemea mtambo mdogo wa sola wa balbu chache, redio na simu, hali ni nyingine. Betri ya Switch 2 ina ukubwa wa mAh 5,220. Betri ya BL-5C, iliyotumika katika Nokia 1100 ya mwaka 2003 na ambayo hadi leo huendesha redio nyingi ndogo za memori kadi, ina takribani mAh 1,020. Kuijaza Switch 2 ni sawa na kujaza simu tano za namna hiyo, na jua la Ngorongoro msimu wa ukungu halina ukarimu kiasi hicho.

Nokia nayo ina nafasi katika historia hii. Mchezo wa nyoka uliotungwa na Taneli Armanto kwa ajili ya Nokia 6110 mwaka 1997 ndio uliokuwa gemu ya kwanza ya mkononi kwa Watanzania wengi, ingawa hakuna aliyekwenda dukani kuununua. Haukuhitaji kadi, akaunti wala bando. Ulichezwa kwenye foleni ya hospitali na ndani ya basi la Arusha, na chaji ikabaki ya kupigia simu.

Mpira: jezi mpya, mchezo ule ule

Mtoto wa Karatu akiulizwa anataka gemu gani, uwezekano mkubwa atasema mpira. Hapa ndipo mzazi anaposhawishika kununua toleo la mwaka huu kwa kuamini kwamba namba kubwa ni ubora mkubwa. Historia ya gemu za mpira katika vifaa vya mkononi inasema vingine.

FIFA 18 ilikuwa ya kwanza kuingia Switch, mwaka 2017, ikafuatiwa na FIFA 19. Kuanzia FIFA 20, iliyotoka Septemba 2019, hadi FIFA 23 ya mwaka 2022, kampuni ya EA iliuza kwa Switch matoleo iliyoyaita "Legacy Edition". Jina hilo lilikuwa kiungwana, lakini maana yake iliwekwa wazi na kampuni yenyewe: timu, jezi na orodha za wachezaji ni mpya, mchezo ni ule wa zamani. Aliyekuwa na FIFA 19 na akanunua FIFA 23 alilipia jezi. Jambo kama hilo lilikwisha kuwapata wenye PSP, kwa kuwa FIFA 14 ya kifaa hicho nayo ilibeba jina hilo hilo.

Hata orodha za wachezaji hazikuwa dhamana. Mbwana Samatta alijiunga na Aston Villa Januari 2020. FIFA 20 ilikuwa imekwisha kutoka miezi minne kabla, na FIFA 21 ilipotoka Oktoba 2020 Samatta alikuwa amekwisha kwenda Fenerbahçe. Shabiki wa Tanzania aliyetaka kumchezesha nahodha wake akiwa na jezi ya Villa alitegemea masasisho ya mtandaoni, si namba iliyoandikwa juu ya kadi.

Mambo yalibadilika kwa EA Sports FC 24 ya Septemba 2023, ambayo kwa mara ya kwanza ilijengwa upya kwa ajili ya Switch. Kwa hiyo anayepewa nafasi ya kuchagua kati ya kadi zilizotumika asihangaike na FIFA 20, 21, 22 na 23 kana kwamba ni gemu nne. Achukue iliyo nafuu kuliko zote, au aongeze fedha na kuanzia FC 24.

Nje ya mpira, kipimo kizuri ni muda ambao watu wameendelea kucheza. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na hakuna aliyewahi kudai toleo jipya. Tetris, iliyouzwa pamoja na Game Boy huko Marekani, inachezwa hadi leo. Mario Kart 8 Deluxe ilitoka mwaka 2017, imo nzima ndani ya kadi, huruhusu watu wanne kucheza kwenye kioo kimoja, na ndiyo gemu iliyouzwa kuliko zote katika Switch. Mnunuzi wa kwanza mwenye watoto watatu nyumbani hana sababu ya kuipita akifuata kilichotoka wiki iliyopita, hasa kwa kuwa kadi hiyo hiyo itafanya kazi kwenye Switch 2 siku akijaliwa kuinunua.

Gemu 400 ndani ya kimoja

Katika maduka ya simu na kwenye meza za minadani kuna kifaa kingine kabisa, kidogo, chenye rangi kali na maandishi "400 in 1". Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya Switch. Je, ni utapeli?

Jibu la haki ni kwamba si utapeli wote. Ndani yake mna gemu za zamani, nyingi zikiwa zile za Famicom, mashine ya nyumbani ambayo Nintendo iliitoa Japan mwaka 1983. Namba 400 isiaminiwe, kwani baadhi hujirudia kwa majina tofauti. Wazazi waliokua na ile mashine ya matofali iliyoandikwa "9999 in 1" wanaujua ujanja huo: ilikuwa michezo michache tu iliyobadilishwa kasi na viwango. Vifaa vingi vya aina hii pia havihifadhi hatua, hivyo mtoto aliyefika ngazi ya nane akizima huanza upya.

Lakini gemu zimo ndani, zote, bila mtandao. Vingi hutumia ile betri ya BL-5C, inayopatikana hadi katika duka la kijijini, na ikifa hubadilishwa kwa dakika moja bila fundi. Waya wake huunganishwa na televisheni. Kwa mtoto wa miaka saba katika nyumba ya sola, kifaa hicho hufanya kile ambacho cha Sh milioni moja hushindwa kufanya.

Dosari yake kubwa ni ya hakimiliki. Gemu hizo kwa kawaida zimenakiliwa bila idhini ya wenye nazo, na sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 haikuwaacha nje watunzi wa programu za kompyuta. Mnunuzi aingie akijua anachonunua.

Kwenye vifaa vikubwa unakili una adhabu ya papo kwa papo. Muda mfupi baada ya Switch 2 kutoka, Nintendo ilianza kuvifungia nje ya mtandao vifaa vilivyobainika kutumia kadi za kuchezea nakala haramu. Adhabu hufuata kifaa, si mtu. Aliyekifanyia makosa anaweza kukifuta, kukiweka katika boksi lake na kukiuza kwa bei ya kutupa, na mnunuzi wa pili akabaki na kifaa kisichoweza kupakua chochote. Kwa kadi za ufunguo, hilo ni sawa na kununua kufuli.

Ikumbukwe kwamba hakuna namba ya kubofya ili kukagua. Juni 2016, TCRA ilipozima simu bandia, wananchi waliweza kubofya *#06#, kupata IMEI na kuituma kwenda 15090. Kifaa cha gemu kisicho na laini hakina IMEI. Njia iliyopo ni kukiwasha mbele ya muuzaji, kukiunganisha na intaneti ya simu na kufungua duka la mtandaoni. Kikikataa, mazungumzo yaishie hapo.

Mtumba wa Japan una jambo lake pia. Nintendo iliuza huko Switch 2 za aina mbili: moja ya lugha nyingi kwa yeni 69,980, na nyingine ya Kijapani pekee kwa yeni 49,980. Ile ya pili haibadilishwi lugha, na hukubali akaunti za Japan tu. Kwa macho hazitofautiani sana. Akitokea muuzaji mwenye Switch 2 ya bei ya chini isivyo kawaida, kwanza ifunguliwe sehemu ya lugha.

Chaja ikaguliwe vilevile. Umeme wa Tanzania ni volti 230; wa Japan ni 100 na wa Marekani ni 120. Chaja ya kisasa huandikwa "100–240V" na hutaka kubadilishiwa plagi tu. Chaja za zamani za Game Boy Advance kutoka Marekani ziliandikwa 120V, na zikichomekwa Karatu huungua. Kwa PSP iliyotumika, mfuniko wa betri ufunguliwe: betri iliyovimba haifai kuchajiwa tena hata mara moja. Na kwa Nintendo 3DS, mnunuzi ajue kwamba duka lake la mtandaoni lilifungwa Machi 27, 2023, na kwamba kadi zake zimefungwa kwa kanda, ili ya Japan isicheze kwenye kifaa cha Ulaya.

Kilichojaribiwa Tanga

Wazazi wengine hawataki mbio za magari wala ngumi. Wanataka mtoto asome. Kwao kuna tukio la hapa nchini linalostahili kukumbukwa kuliko tangazo lolote. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, shindano la Global Learning XPRIZE liligawa kompyuta bapa kwa karibu watoto 3,000 katika vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga, kwa ushirikiano wa Serikali, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP. Wengi wa watoto hao hawakuwahi kwenda shule. Ndani ya vifaa hivyo mlikuwa na michezo ya kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili.

Sharti lilikuwa kwamba programu zifanye kazi bila intaneti, na chaji ilitoka katika vituo vya sola vilivyojengwa vijijini. Kabla ya jaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 kiwango hicho kilishuka kwa nusu. Mei 2019 ushindi uligawanywa kati ya Kitkit School na onebillion, na programu za washindani walioingia fainali ziliwekwa wazi ili zitumike bure.

Mzazi wa Mbulumbulu au Rhotia anayeonyeshwa "kompyuta ya mtoto" ya plastiki yenye vitufe vya rangi na sauti ya Kiingereza kibovu ana haki ya kuilinganisha na hayo. Simu ya zamani ya Android iliyoondolewa laini, ikawekewa programu ya Kiswahili, mara nyingi itamfaa zaidi.

Simu, hata hivyo, ina upande wake wa gharama. Free Fire, eFootball na nyingine za namna hiyo hupakuliwa bila malipo, kisha huuza ndani yake almasi, sarafu na wachezaji. Muuzaji hapo ni gemu yenyewe, na humfikia mtoto kila anapofungua. Simu iliyounganishwa na akaunti ya malipo, ambayo mtoto anaijua namba yake ya siri, isiitwe gemu ya bure.

Umri nao huandikwa kwenye boksi. Alama ya Ulaya, PEGI, hutumia namba 3, 7, 12, 16 na 18. Ya Marekani, ESRB, hutumia herufi: E ni kwa wote, T ni kwa vijana, M ni kwa wenye miaka 17 na zaidi. Japan ina A, B, C, D na Z. Namba hizo hupima maudhui, si ugumu. Mzazi asidhani 18 ni gemu ya mtoto mwenye akili nyingi.

Kwa anayenunua kadi mpya Arusha kabla ya kurudi Karatu, ukaguzi wa kaunta hauchukui dakika tano. Boksi lisomwe ukanda wa chini. Kifaa cha dukani kizimwe mtandao, kadi ichomekwe, gemu ifunguliwe na ichezwe mpaka hatua ya kwanza ipite. Ujumbe wa kutaka intaneti ukitokea kabla ya hapo, kadi irudishwe kabatini na muuzaji aulizwe ni zipi alizonazo zisizouonyesha.